Makiwa Hupewa Nani

Barafu ya Wiyoni ni ya samaki. Hufika ndani ya magunia, imeshapondwa, ikatandazwa juu ya nguru na changu, na jua la Lamu likianza kupanda huwa imebaki maji yenye harufu. Mtoto akipewa kipande atakinyonya, au atamtumbukizia mwenzake ndani ya shati kisha atimue mbio. Wa kusimama juu yake hajazaliwa. Kwa hiyo nikisema nimekuwa nikimfikiria mwanamke wa Kanada aliyemaliza ujana wake akizunguka kiwanja cha barafu kwa viatu vyenye visu, msomaji wa hapa ana haki ya kuuliza: katika watu wote wa dunia, mbona huyo?

Tena hakuwa bingwa. Anastasia Bucsis alishiriki Olimpiki mara mbili, Vancouver 2010 na Sochi 2014, katika mbio za mita 500, na mara zote mbili alirudi nyumbani bila medali. Mashabiki wa mchezo huo wakitaja wakubwa wao watamtaja Ireen Wüst wa Uholanzi, aliyeshinda dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo kuanzia 2006 hadi 2022, au Lee Sang-hwa wa Korea Kusini aliyetawala mita 500 hizohizo. Bucsis jina lake litakuja baadaye, na litakuja kwa sababu nyingine: alisimama hadharani akasema kwamba anapenda wanawake wenzake, akalisema miezi michache kabla ya kwenda kushindana katika nchi iliyokuwa imetoka kupitisha sheria dhidi ya maneno ya namna hiyo.

Mchezo wenyewe unataka maelezo kidogo, maana una adabu yake. Kiwanja ni duara refu la mita 400. Wanakimbia wawili wawili, mmoja njia ya ndani, mmoja ya nje, na katika kila mzunguko hubadilishana: aliyekuwa ndani anatoka, aliyekuwa nje anaingia, wote wakiwa katika mwendo wa gari la barabara kuu. Hakuna kusukumana. Mshindani wako halisi ni saa, na huyo uliye naye kiwanjani huenda amekushinda na bado nyote wawili mkawa wa ishirini. Mpaka Sochi, mita 500 zilikimbiwa mara mbili na muda ukajumlishwa, kwa hiyo mtu alifanya kazi ya miaka minne kwa chini ya dakika moja na nusu, akavua kofia, basi. Katika mbio ndefu mkono mmoja huwekwa mgongoni, mwingine unapunga. Magoti yanakunjwa mpaka paja linalala. Ukimtazama mtu katika mkao ule unaona kabisa kwamba magoti hayo yatakuja kudai chao.

Na theluji si jambo geni kabisa kwa Mkenya. Philip Boit, mtoto wa Eldoret, alikwenda Nagano mwaka 1998 akashiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza mwituni. Alishika nafasi ya mwisho, ya 92. Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyeshinda dhahabu, alimngojea mwishoni mwa njia mpaka alipofika, akamkumbatia, na waandaaji waliotaka kumvika medali yake wakangoja nao. Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie. Hadithi hiyo huwafurahisha watu wote, na mimi pia. Ila hupenda kuiweka kando ya hadithi ya Bucsis, kwa sababu ile ya Boit ni rahisi kuipenda. Mtu mweusi juu ya theluji, wa mwisho, anakumbatiwa. Haimdai msikilizaji kitu.

Bucsis alizaliwa Calgary mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya mji huo kuandaa Olimpiki na kujenga kiwanja cha barafu chenye paa, ambamo kwa mara ya kwanza mbio hizo za Olimpiki zilikimbiwa ndani ya jengo. Alilelewa Mkatoliki. Calgary ni mji wa mafuta na wafugaji ng'ombe, si mji unaosifika kwa mambo ya kujitangaza, ingawa ulikuwa umeshamtoa Mark Tewksbury, muogeleaji wa dhahabu ya Barcelona 1992 aliyejieleza hadharani mwaka 1998. Bucsis amesimulia mwenyewe miaka yake ya kuficha: hofu, huzuni inayokaa kifuani asubuhi hata kabla ya kufunga viatu. Vancouver alikimbia akiwa katika hali hiyo. Kisha Juni 2013 Urusi ikatia saini sheria ya kupiga marufuku kile ilichokiita propaganda mbele ya watoto, na Septemba mwaka huohuo Bucsis akatembea mbele ya watu katika maandamano ya Calgary.

Akaenda Sochi. Na Sochi hakikutokea kitu. Hakukamatwa, hakufukuzwa, hakuinua bango. Alikimbia mara mbili zake, muda ukajumlishwa, Lee Sang-hwa akashinda. Waandishi waliongoja tukio hawakupata tukio. Naona hapo ndipo ushujaa wake ulipo, kama kuna ushujaa: aliutoa mwili wake upimwe na saa kama wa mtu mwingine yeyote, na ile siri ambayo ingeweza kutumiwa dhidi yake haikuwa siri tena. Blake Skjellerup wa New Zealand, mkimbiaji wa barafu pia, alifuata njia iliyo kinyume. Alishindana Vancouver akiwa kimya, akajieleza baada ya kurudi. Sitaki kuwashindanisha. Mwenye kuogopa wadhamini anajua bei ya viatu vyake.

Majira yale ya baridi ya 2014, ambayo kwetu huku ni majira ya kaskazi, yalikuwa na mambo mengi kuliko barafu. Tarehe 18 Januari, siku aliyotimiza miaka 43, mwandishi wetu Binyavanga Wainaina, mwana wa Nakuru, alichapisha maandishi mafupi ambamo anamwendea mama yake kitandani hospitalini na kumwambia kuwa yeye ni mpenda wanaume. Mama alikuwa ameshafariki tangu mwaka 2000. Alimwambia marehemu, nasi tukasikia. Wiki tatu baadaye Sochi ikafunguliwa. Ikafungwa tarehe 23 Februari. Siku iliyofuata, tarehe 24, Rais Museveni aliketi Entebbe mbele ya kamera akatia saini sheria yake dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, ile ambayo Mahakama ya Katiba ya Uganda iliibatilisha Agosti mwaka huo kwa kuwa wabunge waliokuwamo siku ya kupitishwa hawakutimia, na ambayo ilirudi mwaka 2023 ikiwa kali zaidi. Mkenya aliyekuwa na simu mkononi wiki zile alipata yote hayo mfululizo: mwandishi wa Nakuru, mwanamke wa Calgary, kalamu ya Entebbe.

Huku kwetu jambo hili lina utaratibu wake wa zamani, nao si wa kalamu. Nyumba ya mawe ya mtaa wa Mkomani imejengwa ili mtu wa njiani asione ndani. Una daka, mahali pa kumkalisha mgeni nje. Una tekani, na njia inakata kona ili mlango ukifunguliwa macho yagonge ukuta. Ndipo kiwanda, ndipo msana, ndipo ndani kwenyewe. Wageni wa utalii huambiwa hayo na waongozaji wao na huyaandika. Lakini Wiyoni si Mkomani. Huku ni makuti, mabati, boriti, tofali pale alipopatikana mwenye nazo. Jirani akipiga chafya usiku wa manane unamwombea rehema ukiwa kitandani kwako. Ndoa za watu tunazijua kwa sauti. Sitara ya Wiyoni haina ukuta wa kuisimamisha. Wanaoisimamisha ni majirani, kwa kutosema wanachokijua.

Na wanakijua. Asikwambie mtu kwamba pwani hawakijui. Anajulikana mpambaji wa maharusi, anajulikana mpiga ngoma, anajulikana yule aliyepanga chumba na rafiki yake zamani sana mpaka watoto wa mtaa wamekua wakidhani ni ndugu. Hawasemwi mbele yao na wao hawasemi mbele ya watu. Dini ina hukumu yake, na hakuna hapa anayejifanya hajaisikia; imamu akiisoma, wote huitikia amina, wao wakiwemo. Kisha watu hutoka msikitini wakasalimiana. Wageni huuita utaratibu huo unafiki. Mimi siuiti hivyo. Nimeona watu wakila, wakizikwa, wakikopeshwa sukari chini ya utaratibu huo, mahali ambapo ukweli mtupu ungewapatia mawe.

Ila sitara ya namna hiyo ni mkopo, na mkopeshaji anaweza kuudai siku yoyote. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba watu wa jinsia moja wanaopendana wana haki ya kusajili chama chao, kesi iliyokuwa imezunguka mahakamani tangu Eric Gitari alipoifungua miaka kumi nyuma. Haikuhalalisha kitendo, vifungu vya sheria ya adhabu vya tangu ukoloni, vyenye kifungo cha hadi miaka 14, vilibaki palepale, na Mahakama Kuu ilikuwa imeshakataa kuvifuta mwezi Mei 2019. Lakini nani alisoma uamuzi? Uliposikika redioni, kila aliyekuwa akikopesha kimya alijiona amedhulumiwa. Mombasa mwaka ule watu waliandamana. Huku kwetu hakuna aliyeandamana mlangoni mwa mtu, ila nilisikia majina yakitajwa barazani, majina ambayo kwa miaka hayakutajwa, na baadhi ya watu wakaona ni heri waende kwa ndugu zao kwa muda. Januari ya mwaka huohuo mwili wa Edwin Chiloba, mwanamitindo kijana, ulikuwa umekutwa ndani ya sanduku la bati kando ya barabara Uasin Gishu. Aliyemuua alihukumiwa miaka 50 mwishoni mwa 2024. Chiloba alikuwa akiishi wazi kabisa. Kwa hiyo sidai kwamba uwazi ni ngao. Waliojificha walidaiwa, na asiyejificha aliuawa.

Hapo ndipo fikira zangu zilipokwama kwa muda mrefu, na aliyezikwamua ni mkimbiaji mwingine wa barafu, ambaye kwa kipaji ni wa daraja la juu.

Brittany Bowe ni mtu wa Ocala, Florida, mji wa joto na mashamba ya farasi. Barafu ya asili haijulikani kule sawa na Wiyoni. Alianza kwa viatu vya magurudumu utotoni, akawa bingwa wa dunia kwa magurudumu, akacheza mpira wa kikapu chuo kikuu, na mwaka 2010, baada ya kuwaona wenzake wa magurudumu wakishindana kwenye barafu ya Vancouver, akafunga mizigo kwenda Salt Lake City kujifunza kuteleza upya. Alivunja rekodi ya dunia ya mita 1000. Mwaka 2016 aligongana na mwenzake mazoezini, kichwa kikaumia, msimu mzima ukaharibika. Alirudi. Wapenzi wake ni wanawake na hajalificha hilo.

Januari 2022, Milwaukee, Wamarekani walikuwa wakichagua timu ya kwenda Beijing. Erin Jackson, mtoto mwingine wa Ocala, rafiki wa Bowe tangu enzi za magurudumu, ndiye aliyekuwa wa kwanza duniani katika mita 500 msimu ule. Katika mbio za mchujo aliteleza. Hakuanguka, mguu ulikosa mahali pake mara moja tu, na katika mita 500 mara moja inatosha. Akawa wa tatu, na nafasi zilikuwa mbili. Mshindi wa mbio zile alikuwa Bowe. Siku chache baadaye Bowe akasema nafasi yake ya mita 500 apewe Jackson. Yeye alikuwa na mita 1000 na 1500 za kumtosha. Baadaye Marekani iliongezewa nafasi, kwa hiyo Bowe naye akakimbia, akawa wa kumi na sita. Jackson alishinda dhahabu kwa sekunde 37.04, mwanamke mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya majira ya baridi. Siku nne baada ya hapo Bowe alipata shaba ya mita 1000.

Nilichokiona katika habari ile ni kitu ambacho hakikuwamo. Magazeti yaliandika juu ya nafasi, urafiki, Ocala, mguu ulioteleza. Kwamba Bowe anapenda wanawake halikuwa jambo la kueleza. Lilikuwa limeshajulikana, likawekwa kando kama jina la baba yake. Alibeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, akatazamwa na dunia, na hakukuwa na mtu mwenye kitu cha kumtishia nacho. Nguvu ambazo Bucsis alizitumia kuficha kabla ya Vancouver, huyu alikuwa nazo bure, na nyingine zikabaki za kumgawia mwenziwe. Sisemi mwenye siri hawezi kuwa karimu. Nimewajua wenye siri waliokuwa wakarimu kupita kiasi, wanaochangia kila harusi na kila maziko ya mtaa, na wakati mwingine nimejiuliza kama ni moyo tu au ni kulipa riba.

Lakini michezo ni sehemu ndogo ya umri. Bucsis aliacha mbio kabla ya Olimpiki ya 2018. Magoti, kama nilivyosema, yalidai chao. Akaingia utangazaji, akawa na podikasti ya shirika la CBC iitwayo Player's Own Voice, kazi yake kuwahoji wanamichezo juu ya maisha yao: majeraha, fedha, wazazi, siku ya kwanza ya kuamka bila mazoezi. Naipenda kazi hiyo kwake. Mtu aliyetumia miaka akichagua maneno ya kutosema amefanya riziki kwa kuwaachia wengine waseme. Wanamichezo humfungukia, nadhani husikia kwamba anayeuliza ameshajibu swali gumu zaidi.

Binyavanga hakupata muda mrefu hivyo. Mwaka 2018 alitangaza kwamba atafunga ndoa na mpenzi wake mwaka uliofuata. Alifariki Nairobi usiku wa tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya Mahakama Kuu kusoma uamuzi wake juu ya vile vifungu vya sheria ya adhabu. Harusi haikuwapo.

Nikimsoma Binyavanga au kumsikiliza Bucsis, anayenijia akilini si mwanasheria wala mwanaharakati. Hunijia mtu mmoja wa hapahapa, ambaye sitamtaja. Ujanani alikuwa mwanamichezo kwa namna ya Lamu: katika mashindano ya mashua, yeye ndiye aliyetumwa mwisho wa ubao, ule unaotokezwa nje ya ubavu ili mashua isilale upepo ukijaa tangani. Kazi hiyo hupewa mtu mzito mwenye moyo mwepesi. Unaketi juu ya maji, huna cha kushika ila kamba, nahodha akigeuza ghafla unatakiwa uwe umeshavuka upande wa pili. Watu walikuwa wakimwita kwa jina lake pwani nzima, kuanzia Usita wa Pwani mpaka Shela. Mgongo ulipomshinda akakaa kushona matanga. Alikuwa na sindano kubwa na kipande cha ngozi kiganjani cha kuisukumia, na alikuwa mkali kwa mishono: tanga likirudi limeachia, alilifumua lote akalianza upya bila kukudai.

Aliishi na rafiki yake. Mtaa ulimpa rafiki huyo ubinamu wa kutoka Kipini, na hakuna aliyeuliza binamu kwa upande gani. Alipougua, ugonjwa wa muda mrefu, binamu ndiye aliyemwosha, ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyejua dawa ipi ni ya asubuhi. Hospitalini walitaka sahihi ya jamaa. Akapigiwa simu kaka wa mgonjwa aliyekuwa Malindi, ambaye hakuwa ameonana na nduguye kwa miaka, akasafiri siku nzima kuja kutia sahihi.

Alipofariki, mambo yakaenda kama yanavyokwenda. Kaka alikaa mahali pa mwenye msiba. Watu walikuja, tukampa mkono, tukasema makiwa, akaitikia. Binamu alikuwa akipita na birika la kahawa. Alikuwa akimimina vizuri, kikombe kimoja kimoja, na sikuona mtu akikataa kahawa yake. Baada ya khitma kaka aliuza vitu, akakabidhi chumba kwa mwenyewe, akarudi Malindi. Hakumfanyia binamu ubaya wowote. Alimpa hata ile sindano ya matanga, na kipande cha ngozi.

Hapo ndipo ninapouona mpaka wa sitara yetu, na sijaweza kuuona kwingine. Ilimlisha yule mtu, ilimlinda, ilimpeleka kaburini kwa heshima zote. Haikuwa na mahali pa kumweka aliyebaki. Vijana hawalioni hilo. Kijana ana mwili, ana mbio, ana pwani nzima inayomwita jina lake, atataka nini kingine? Linaonekana siku ya kitanda na siku ya matanga. Uwazi wa kina Bucsis huandikwa kana kwamba ni jambo la uwanjani, bendera na waandishi wa habari, wakati uwanjani ndipo unapohitajika kidogo kuliko kote. Unahitajika miaka arobaini baadaye, pale karani anapouliza wewe ni nani wa mgonjwa.

Mama yangu mkubwa alikuwa upande wa wanawake siku ile ya matanga, na jambo lililotokea huko nililijua baadaye sana, kutoka kwake, tena kwa bahati. Nilikuwa nimemwonyesha kwenye simu zile mbio za Jackson, nikamsimulia habari ya Bowe na nafasi yake. Alizitazama mara mbili, kwa karibu, miwani juu ya paji la uso.

"Wasemao ni baridi hiyo, mbona wamevaa nguo za kubana tu?"

Nikamwambia nguo zikiwa pana zinashika upepo.

"Kama tanga." Akarudisha simu. "Na huyo aliyempa mwenziwe nafasi, alirudishiwa yake?"

"Alirudishiwa, mama. Nchi yao iliongezewa."

"Alhamdulillahi. Ana mume?"

Nikasita, kisha nikamwambia ukweli. Hakushtuka. Alikunja mkeka aliokuwa akiusuka, akaukunjua tena, akasema: "Basi kama yule wa matanga."

Ndipo aliponieleza. Siku ile binamu alifika mlango wa uani kuleta maji ya kupikia, akayatua, akasimama pale bila kuondoka, kwa sababu ndani ya chumba kile ndimo alimokuwa akilala na sasa kimejaa wanawake wa watu. Mama mkubwa akatoka, akavuta leso yake vizuri, akamwambia: makiwa, mwanangu. Yule mtu hakuweza kuitikia. Akachukua ndoo tupu akarudi nayo kisimani.

Nikamwambia mama mkubwa kwamba katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyemkubali.

"Sikumkubali," akasema, na sauti ilikuwa na ukali. "Mambo yao nayajua na sikuyaridhia, wala yeo siyaridhii. Nilimpa makiwa. Alikuwa amefiwa."

"Kwake yeye pengine ilikuwa ni kitu kimoja."

"Kwake yeye," akasema. "Kwangu mimi ni vitu viwili. Na wewe ukiandika, uviandike viwili."